Siyo TB, Nimepima

Basi la Newala kwenda Mtwara mjini huondoka kungali giza, na mwezi wa Julai baridi ya uwanda wa Makonde haina mzaha. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Hatujafika hata Tandahimba, mama mmoja aliyeketi nyuma yangu akaanza kukohoa. Hakikuwa kile kikohozi cha kusafisha koo. Kilianza chini, kikapanda, kikamkaba, kikamwinamisha hadi paji lake la uso likagonga mgongo wa kiti changu. Kijana aliyekaa naye alifungua dirisha bila kusema neno. Konda aligeuka. Mama alipopata pumzi, kabla hata hajafuta machozi kwa pindo la kanga, alisema kwa sauti ya kusikika basi zima: "Siyo TB jamani, nimepima."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Maneno yale yamenikaa kichwani kwa sababu ndani yake naiona sera yetu yote kuhusu kikohozi cha mtu mzima. Tumefundishwa kuuliza swali moja: je, ni TB? Swali zuri, limeokoa watu wengi. Jibu likiwa hapana, swali la pili halipo. Mgonjwa hupewa dawa ya maji, huambiwa amshukuru Mungu, hurudi nyumbani na kikohozi chake kile kile, na kuanzia hapo kazi yake ni kujitetea kwenye mabasi.

Sibezi kazi iliyofanywa juu ya kifua kikuu. Tanzania ina haki ya kutamba hapa. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza 1977, na Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia, alishirikiana na Watanzania kuonyesha kwamba hata nchi maskini ikiwa na darubini, rejesta iliyotunzwa vizuri na mtu wa kumwangalia mgonjwa akimeza dawa, inaweza kuponya wagonjwa wengi. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mfumo huo, likausambaza ulimwenguni kwa jina la DOTS. Leo mashine ya GeneXpert hutoa jibu la makohozi kwa saa mbili hivi, na panya buku waliofunzwa Morogoro hunusa sampuli ambazo darubini imezipitia bila kuona kitu. Kwa makadirio ya shirika hilo, wagonjwa wapya nchini wameshuka kutoka 306 kwa kila watu 100,000 mwaka 2015 hadi 183 mwaka 2023. Vipimo na dawa havilipiwi. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, kapime: ujumbe huo umefika hadi kwa wavuvi wa Msimbati.

Shida inaanzia kwa yule aliyeusikia ujumbe, akaenda, akapima, akaonekana hana.

Madaktari wa kifua hukiita kikohozi cha mtu mzima sugu kikizidi wiki nane. Cha chini ya wiki tatu ni mpita njia. Cha kati ya wiki tatu na nane mara nyingi ni mabaki ya mafua au maambukizi mengine yaliyokwisha kuondoka. Kikivuka nane, kinataka mtu akae chini na mgonjwa wakizungumzie. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 90 kutoka pande mbalimbali za dunia (nyingi zilitumia kipimo cha zamani cha miezi mitatu) wakapata kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kumi, asilimia 9.6, ana kikohozi cha muda mrefu. Oceania ilikuwa asilimia 18.1, Ulaya 12.7, Marekani zote mbili 11, Asia 4.4. Afrika, 2.3.

Anayesoma haraka atasema mapafu ya Mwafrika ni ya chuma. Mimi naona mambo mawili kwenye namba hiyo. La kwanza ni kweli tupu: sisi ni watu wenye umri mdogo, na kikohozi sugu hupenda waliovuka miaka 50. La pili ni kwamba tafiti zilizotoka Afrika zilikuwa chache mno, na asiyehesabiwa hawezi kuonekana kwenye asilimia.

Hata hivyo tuichukue namba hiyo kama ilivyo, tupige hesabu ya kalamu na karatasi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,634,947 Mtwara na 1,194,028 Lindi. Tukisema nusu yao ni watu wazima, tunapata kama milioni 1.4. Asilimia 2.3 ya hao ni zaidi ya watu 32,000. Kwa kiwango cha kitaifa cha TB, mikoa hii miwili ingetoa wagonjwa wapya kama 5,000 kwa mwaka. Najua mizani yangu haijakaa sawa: upande mmoja nahesabu waliougua mwaka huo, upande wa pili wanaokohoa siku uliyowauliza, na wapo waliomo pande zote mbili. Lakini nimetumia namba ndogo kuliko zote duniani, na bado wanaokohoa kwa sababu nyingine wanawazidi wenye TB mara kadhaa. Nikitumia wastani wa dunia wanapita 130,000. Hao wako wapi kwenye vitabu?

Hawamo. Kitabu cha MTUHA, ile rejesta ya takwimu za wagonjwa pale zahanati, huandika ugonjwa, na kikohozi ni dalili. Mtu akija na kikohozi cha miezi saba ataandikwa maambukizi ya njia ya hewa, mwezi ujao akirudi ataandikwa hivyo hivyo, na safari nyingine, akimkuta tabibu mwingine, ataandikwa nimonia. Kikohozi kimoja cha mwaka mzima kinageuka magonjwa matatu, na yote matatu yametibiwa. Takwimu zinanenepa, mgonjwa anakonda.

Na sisi wenyewe tunasaidia kukificha. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Hawakujua tungekuja kukizoea hivi. Kikohozi cha bibi ni cha uzee. Cha babu ni cha tumbaku. Cha mama ni cha moshi. Cha kijana ni cha salfa, dawa ya mikorosho, kitaisha msimu ukiisha. Kila kikohozi tumekitafutia baba yake, na kikishapata baba hakipelekwi tena hospitali.

Shangazi yangu anaishi kijiji kimoja huko huko wilaya ya Newala. Alikohoa miaka miwili na ushei. Alipimwa makohozi mara tatu, alipigwa picha ya kifua mara moja, majibu yote safi. Kwenye dirisha la chumba chake nilihesabu chupa kumi na nne za dawa ya kikohozi, amezipanga kama yuko dukani, kwa kuwa chupa kijijini haitupwi. Nyingine za elfu tatu, nyingine za elfu tano. Weka nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi. Weka dozi za amoksilini alizouziwa kila alipolalamika, ilhali kikohozi kikavu kisicho na homa, cha mwaka mzima, hakina bakteria wa kuuawa. Weka siku ambazo hakuokota korosho, na siku ambazo binti yake alifunga genge lake la ming'oko ili amsindikize. Fedha hizi haziko katika bajeti ya wizara yoyote, maana wizara hailipi. Analipa shangazi.

Serikali nayo hulipa, kimya kimya. Kartriji moja ya GeneXpert, kikasha cha kupimia sampuli moja, iliuzwa kwa nchi kama yetu kwa karibu dola 10 hadi mwaka 2023 ilipoteremshwa kuwa karibu dola 8. Shangazi ametumia tatu. Mgonjwa asiyepata jibu harudi nyumbani akakaa. Huenda zahanati nyingine akaanza upya, na kila anakoanza upya hupimwa kile kile. Ukitaka kujua mzigo wa kikohozi sugu kwenye hospitali, usitafute wodi yake, haipo. Utafute kwenye foleni ya wagonjwa wa nje, miongoni mwa sura ambazo mpokezi amekwisha kuzikariri.

Ila si fedha iliyomuumiza zaidi. Aliacha kulala. Mbavu zilimuuma kama aliyeanguka mnazi, na wapo ambao kikohozi huzivunja hasa. Siku moja alikohoa akizuia, akazuia, mpaka macho yakamwingia giza akaanguka jikoni. Na lipo jambo ambalo wanawake hawalisemi mbele ya tabibu kijana wa kiume: mwili uliozaa, ukitikiswa kwa kikohozi kila siku, hushindwa kuuzuia mkojo. Shangazi alinifikishia kwa kuzunguka. "Nikikohoa nalowa, mwanangu," alisema, akatazama pembeni. Ramadhani ile hakwenda tarawehe msikitini. Kwenye unyago, yeye aliyekuwa kungwi, alikaa nje na wapishi.

Hayuko peke yake katika hili. Kwenye kliniki za kikohozi za nchi zilizonazo, kama theluthi mbili ya wagonjwa ni wanawake, wengi wa miaka ya hamsini na sitini, na vipimo vinaonyesha kwamba neva zao za kukohoa ni nyepesi kushtuka kuliko za wanaume. Yaani huyu mama anayefunguliwa dirisha kwenye basi ndiye mgonjwa wa kawaida kabisa wa ugonjwa huu duniani. Sisi tu ndio tunaomwona mgeni.

Swali la pili shangazi aliulizwa na muuguzi mwanafunzi aliyekuwa anajaza fomu.

"Shikamoo mama. Zaidi ya hizi za kifua, kuna dawa nyingine unameza?"

"Marahaba. Ya presha tu, mwanangu."

"Naomba niione."

Shangazi alifungua fundo la kanga akatoa pakiti iliyokunjamana. Captopril.

Dawa hii ina historia tamu. Iliingia sokoni mwaka 1981, na chimbuko lake ni uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili, jamii ya kipiribao wetu. Huteremsha presha kwa kuzuia kimeng'enya kinachokaza mishipa ya damu. Lakini kimeng'enya hicho hicho ndicho kinachoisafisha mwilini kemikali iitwayo bradikinini. Kikizuiwa, bradikinini hujaa, na kwa baadhi ya watu huzitekenya neva za njia ya hewa mchana na usiku. Karibu mtu mmoja kati ya kumi wanaotumia dawa za kundi hili hupata kikohozi kikavu, wanawake zaidi. Kinaweza kuanza baada ya siku chache au baada ya miezi, wakati mtu amekwisha kusahau kwamba kuna kidonge alikianza. Kama pakiti yako ya presha ina jina linaloishia na "pril", iwe captopril, enalapril au lisinopril, na unakohoa, ichukue pakiti hiyo umwonyeshe daktari. Zipo badala yake, kama losartan na amlodipine, zisizo na tabia hiyo. Usiiache mwenyewe. Presha yenyewe haikohoi kabla ya kuangusha mtu.

Miaka miwili, chupa kumi na nne, kartriji tatu, na jibu lilikuwa limefungwa kwenye ncha ya kanga yake. Sikusimulii haya kumlaumu aliyemwandikia dawa ile. Ni dawa nzuri, ya bei nafuu, imezuia viharusi vingi. Ninachosema ni kwamba swali lile halikuhitaji mashine, umeme wala mtaalamu kutoka Muhimbili. Lilihitaji dakika moja na mtu wa kudadisi.

Ningependa kuandika kwamba alibadilishiwa dawa akapona. Alibadilishiwa, na baada ya wiki tatu usingizi ukarudi. Kikohozi kilipungua, hakikwisha. Hapa ndipo huu mchezo wetu wa kukitafutia kikohozi baba mmoja unapotuangusha, maana cha mtu mzima mara nyingi kina baba wawili au watatu.

Baba wa pili ni jiko. Hili linasemwa sana, nami sitalirefusha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama kuni na mkaa ifikapo 2034. Sisi wa kusini tunausikiliza mkakati huu kwa sikio la pekee. Gesi ya Songo Songo, pale Kilwa, ilianza kwenda Dar es Salaam mwaka 2004. Ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na bomba lake la kwenda Dar lilizinduliwa 2015, miaka miwili baada ya maandamano ya Mtwara ya kulipinga, ambayo hakuna haja ya kuyakumbusha. Mtu akimwambia shangazi ahamie gesi, anayoambiwa anunue ni ya mtungi, inayoletwa nchini kwa meli. Ile iliyo chini ya miguu yetu haiingii kwenye mtungi wa kilo sita. Mtungi anao, zawadi ya mkwewe. Huupikia chai. Ugali na kunde hupika kwa kuni, kwani kuni haziishi katikati ya mwezi.

Baba wa tatu ndiye ninayetaka kukaa naye, maana huyu ni wetu hasa.

Kila mwenye mikorosho anajua ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaovaa maua na machipukizi kama mtu kayamwagia unga wa muhogo. Ukiuacha, hupati kitu. Kinga yake kubwa ni salfa, na wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wamewafundisha wakulima kuitumia kwa miongo sasa. Kuanzia Juni hadi Septemba vijana hutembea mashambani na mashine mgongoni, wakipuliza unga wa njano juu ya miti. Hupuliza usiku wa manane au alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ukiwa bado majani, ili unga ushike. Kukipambazuka, kijiji kizima kina harufu ya kiberiti. Mikorosho yetu haiko mbali na nyumba. Mingine inagusa paa. Watoto wanapita chini yake kwenda shule, wazee wanaamkia nje, na aliyepuliza anarudi nyumbani nyusi za njano, amefunga mdomo kwa kipande cha fulana.

Salfa imetulipia ada na mabati. Msimu wa 2024/25 nchi ilivuka tani laki tano za korosho, na bila salfa tungekuwa tunasimulia mengine. Tena si sumu kali. Hata kilimo hai kinairuhusu. Lakini vumbi lake huchoma macho na njia ya hewa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha matokeo ya watoto wa bonde la Salinas, ambako salfa hupulizwa mashambani: walioishi karibu na mashamba yaliyopulizwa walikuwa na nguvu ndogo ya mapafu na dalili zaidi za pumu. Kule kuna sajili ya kila shamba, kiasi na tarehe ya kupuliza, ndiyo maana waliweza kuhesabu. Sisi tuna daftari la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, linaloonyesha nani amechukua mifuko mingapi, na kitabu cha zahanati kinachoonyesha nani amekuja Julai. Vitabu viwili hivi viko kijiji kimoja, wakati mwingine vinatenganishwa na uwanja wa mpira, na havijawahi kufunguliwa juu ya meza moja.

Mwaka 2024 ulitoka uchambuzi mwingine mkubwa, wa watu wazima karibu 34,000 katika maeneo 41 ya nchi 34. Kikohozi sugu kilianzia asilimia 3 katika vijiji vya Pune, India, hadi 24 katika mji wa Lexington, Marekani. Mambo mawili yaliyoongoza kukileta yalikuwa sigara na kazi ya vumbi. Waliowahi kuugua TB nao walikuwamo, na waliosoma kidogo, na wenye presha. Nilipoisoma orodha hiyo niliwaona mpulizaji wa Tandahimba, mchimbaji mdogo wa Ruangwa anayetoboa mwamba bila maji, mama anayebangua korosho kwenye moshi wenye mafuta makali ya ganda, na kuli wa bandarini Mtwara kwenye makaa ya mawe. Kwa hayo makaa, serikali yenyewe imeona haja ya kujenga bandari ya Kisiwa Mgao ili mizigo michafu ihame mjini. Bandari imepatiwa dawa, kuli bado.

Zipo sababu nyingine, na daktari makini huzipitia hata bila vifaa vikubwa. Ipo pumu isiyopiga filimbi, inayojitokeza kwa kikohozi tu, hasa usiku. Kuna kiungulia, asidi inayopanda kutoka tumboni, mara nyingine bila hata kuchoma kifua. Kuna mafua ya mzio yanayoteremshia kamasi kooni. Na kuna waliokwisha kutibiwa TB wakapona kabisa, vijidudu vimekufa, lakini mapafu yamebaki na makovu. Hawa hurudishwa kwenye vipimo vya TB tena na tena, wakati wanachohitaji ni mtu wa kuwaambia kwamba ugonjwa umekwenda na alama zake ndizo zinazowakohoza. Nchi iliyojivunia kuponya TB tangu siku za Styblo ina watu wengi wa namna hii, na ni deni letu kwao.

Wako pia ambao ukishaondoa yote hayo bado wanakohoa. Kwao neva zenyewe zimekuwa kama ving'ora vilivyoharibika: harufu ya kitunguu kwenye mafuta, hewa baridi, kucheka, kila kitu kinaviamsha. Wazungu wametengeneza kidonge chao, gefapixant, kinachozuia milango fulani ya neva hizo. Japani ilikiidhinisha mwaka 2022, Ulaya 2023, Marekani ikakikataa mara mbili. Huharibu ladha ya chakula mdomoni, na faida yake iliyopimwa si kubwa sana. Nakitaja ili anayesubiri dawa ya miujiza ajue kwamba hata wenye fedha hawajaipata.

Sasa nataka nini? Nataka kidogo kuliko anavyofikiri mwenye bajeti. Pale tabibu anapoandika "TB hapana", pawe na mistari mitatu chini yake: unameza dawa gani, unapikia nini, unafanya kazi gani. Kikohozi kilichovuka wiki nane kiandikwe kwa jina lake ili mwisho wa mwaka mganga mkuu wa wilaya ajue anao wangapi. Dawa ya pumu ya kuvuta isiwe kitu cha kufuata mjini. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na wanaopanga kitita chake wasiishie kwenye magonjwa yenye majina makubwa. Muuza duka la dawa, ambaye ndiye daktari wa kwanza wa wengi wetu, afundishwe kwamba mteja anayenunua chupa ya tatu ndani ya mwezi hafai kuuziwa ya nne kabla ya kuulizwa. Na AMCOS inapogawa salfa, igawe na barakoa halisi, zile zinazoshika vumbi. Kukata kwenye korosho yetu wanajua. Wakate na hizo.

Nina hofu moja kuhusu haya niliyoandika, lazima niiseme. Mtu anaweza kusoma akasema, basi, changu ni moshi, siendi kupima tena. "Nimepima" si cheti cha kudumu. Aliyepima mwaka juzi akaonekana salama anaweza kuambukizwa mwaka huu. Anayekohoa damu, anayepungua uzito, anayelowa jasho usiku, au anayeishi na virusi vya UKIMWI na ameanza kukohoa hata jana, arudi kupima, na asiione aibu kurudi. Swali la kwanza libaki la kwanza.

Yule mama wa kwenye basi aliteremka Nanyamba. Sikupata ujasiri wa kumuuliza anatumia dawa gani, nami nilikuwa bado sijajua kwamba hilo ni swali. Shangazi yeye sasa ana utaratibu wake: Julai wakianza kupuliza, hufunga mlango na kuhamia kwa binti yake Mtwara mjini, mtaa wa Magomeni, hadi maua yatakapogeuka korosho. Akiwa huko analala usiku kucha. Mwaka jana nilimwambia asirudi mapema. "Mwanangu," akanijibu, "korosho haijiokoti." Alirudi mwanzoni mwa Oktoba. Dirishani pamebaki chupa tatu. Zile nyingine amewagawia majirani waweke mafuta ya taa.